Sungura, kaa-kwato, protini ya maabara au damu ya mtu: tuchague kipimo kipi kwa ajili ya mgonjwa wa dripu?

Dawa ya kumeza hupita kwanza tumboni na kwenye ini, na mwili unapata nafasi ya kujitetea. Dripu haina mlango huo. Kilichomo ndani ya chupa kinaingia mshipani moja kwa moja. Ndiyo maana maji ya dripu, sindano ya antibayotiki, chanjo ya mtoto na hata nyonga ya bandia anayowekewa mzee aliyevunjika hupimwa kabla ya kuruhusiwa kutoka kiwandani. Tena si kupimwa vijidudu hai tu. Bakteria wa kundi fulani wakiuawa kwa joto, vipande vya ukuta wao hubaki. Vipande hivyo, vinavyoitwa endotoksini, vikifika kwenye damu huleta homa, kutetemeka, kushuka kwa presha na wakati mwingine kifo. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, haiviwezi. Ili kuviharibu kwenye kichupa cha kioo unahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa, na dripu yenyewe huwezi kuipika hivyo.

Basi lazima kuwe na kitu kinachohisi kile ambacho macho na darubini havioni. Kwa zaidi ya miaka 80 kitu hicho kimekuwa mnyama: kwanza sungura, baadaye kiumbe wa baharini mwenye damu ya buluu. Leo zipo njia mbili nyingine, protini inayotengenezwa maabara na seli za damu ya watu waliojitolea. Nazilinganisha zote nne hapa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua: mkuu wa udhibiti ubora kwenye kiwanda cha dripu kule Mukono au Kibaha, mwanafunzi wa famasia anayeandika pendekezo la utafiti, na mjumbe wa kamati ya maadili atakayelisoma pendekezo hilo na kutakiwa kusema ndiyo au hapana.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Kwa sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, sababu ya kisayansi ya kumbana mnyama shingo au kumtoa damu imekwisha. Zimebaki sababu za makaratasi, za mazoea na za fedha. Nitazipa uzito wake, kwa kuwa ni za kweli, ila tusiziite sayansi.

Sungura

Mkemia Mmarekani Florence Seibert alionyesha mwaka 1923 kwamba homa zilizokuwa zikiwapata watu baada ya kuchomwa sindano zilitokana na uchafu wa bakteria kwenye maji, hata maji yaliyokenekwa. Aligundua hilo kwa kutumia sungura, na mwaka 1942 kipimo cha sungura kikaingia rasmi kwenye Farmakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa. Nchi nyingine zikafuata.

Hivi ndivyo kinavyofanyika. Sungura watatu huwekwa kila mmoja kwenye kibanio kinachoshika shingo, na kipimajoto kinaingizwa kwenye njia ya haja kubwa. Joto lao la kawaida likishaandikwa, dawa inayopimwa hudungwa kwenye mshipa wa sikio, kwa kawaida mililita 10 kwa kila kilo ya uzito. Kisha watu wanasubiri. Joto husomwa kila nusu saa, kuanzia saa ya kwanza hadi ya tatu. Kama hakuna aliyepanda nusu nyuzi au zaidi, bechi imepita. Akiwepo hata mmoja, wanaongezwa sungura watano.

Kipimo hiki kina nguvu moja ambayo ni haki kuitaja. Sungura ni mwili mzima, kwa hiyo huhisi chochote kinacholeta homa, kiwe endotoksini au kitu kingine. Lakini udhaifu wake ni mwingi. Hakikupi namba ya kiasi cha uchafu, kinakupa tu jibu la kupita au kutopita. Sungura aliyeshtuka hupanda joto bila kosa la dawa. Dawa zinazoshusha homa, steroidi, dawa za usingizi na nyingi za saratani huvuruga joto la mnyama zenyewe, kwa hiyo hazipimiki vizuri kwa njia hii. Dawa za mionzi ya muda mfupi nazo zinaisha nguvu kabla majibu hayajatoka.

Kuhusu maadili, watetezi wa kipimo husema sungura hauawi. Akipumzika angalau saa 48 hutumika tena. Hilo hutajwa kama wema. Mimi naliona kinyume. Mnyama aliyeumbwa kukimbia, kuchimba na kuishi na wenzake anakaa peke yake kizimbani akisubiri zamu nyingine ya kubanwa. Na idadi ndogo ya sungura inayoandikwa kwenye ripoti ya mwaka inaficha mara ngapi kila mmoja amepitishwa kwenye kibanio hicho.

Ulaya imeshafunga mjadala. Juni 2024 Tume ya Farmakopia ya Ulaya ilipitisha matini 57 ambazo sharti la kipimo cha sungura limeondolewa, na uamuzi huo ulianza kutumika Julai 2025. Kama kuna anayekuambia sungura ni lazima kwa kuwa "vitabu vinasema hivyo", mwulize ni toleo la mwaka gani.

Kaa-kwato

Pwani yetu haina mnyama huyu. Kuanzia Kiunga hadi Msimbati hutapata mvuvi aliyemtoa kwenye wavu wake. Mmoja, Limulus polyphemus, anaishi mashariki mwa Marekani. Spishi nyingine tatu ziko Asia, kuanzia Ghuba ya Bengal hadi Japani. Ana gamba la mviringo kama kofia ya chuma ya askari, mkia mrefu mgumu, na ingawa anaitwa kaa, ndugu zake wa karibu ni buibui na nge. Ukoo wake uko duniani tangu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla ya dinosaria. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu.

Mwaka 1956 mtafiti Frederik Bang, akifanya kazi Woods Hole huko Massachusetts, alieleza jinsi damu hiyo inavyoganda inapokutana na bakteria fulani. Katika miaka ya 1960 yeye na Jack Levin walibaini kwamba kinachoigandisha ni endotoksini, na kwamba chembe za damu zikipasuliwa, maji yake yanaweza kuwekwa kwenye kichupa na kutumika kama kitendanishi, yaani kitu cha kupimia. Kikaitwa LAL. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikubali kitumike badala ya sungura, na tangu hapo ndicho kipimo kikuu duniani.

Mezani ni kazi ya kupendeza. Unachukua tyubu nyembamba ya kioo iliyopikwa kwa joto kavu, unatia mililita 0.1 ya sampuli na mililita 0.1 ya kitendanishi, unaiweka kwenye nyuzi 37 kwa saa moja bila kuigusa. Halafu unaitoa na kuigeuza juu chini, polepole. Ute ukishikilia pale kitakoni, endotoksini imefika kiwango. Ukiteleza ukashuka ukutani, haijafika. Ukiitikisa kabla ya wakati, jeli huvunjika na hairudi tena, na jibu limepotea. Hakuna mashine ya gharama, hakuna kompyuta. Ndiyo sababu maabara ndogo zimekishikilia hadi leo, na siwalaumu. Zipo pia aina zinazosomwa na mashine na kutoa namba.

Lakini kitendanishi hicho kina chanzo. Kaa-kwato hukusanywa, hukunjwa kwenye kiungo cha gamba, hufungwa kwenye rafu ya chuma kwa safu, na sindano nene huingizwa hadi kwenye moyo. Damu hutiririka kwenye chupa mpaka ipungue yenyewe, na mnyama anaweza kupoteza takriban theluthi ya damu yake. Kisha hurudishwa baharini. Tume inayosimamia uvuvi wa pwani ya Atlantiki ya Marekani hutumia makadirio ya asilimia 15 ya vifo miongoni mwa wanaotolewa damu. Tafiti nyingine zimefika asilimia 30. Mwaka 2023 waliokusanywa kwa kazi hii Marekani walizidi milioni 1. Hata kwa makadirio ya chini, hao ni wafu 150,000 kwa mwaka mmoja. Wanaobaki hai nao hawarudi kama walivyotoka: tafiti zimeonyesha kwamba waliotolewa damu huzubaa kwa wiki kadhaa, na majike hupunguza safari za kwenda ufukweni kutaga.

Mtu anaweza kusema ni kiumbe wa chini, hapigi kelele, hana uso wa kutuhurumisha. Mimi nadhani hapo ndipo penye mtihani wetu. Kutopiga kelele si ushahidi kwamba haumii. Pia madhara hayaishii kwake. Jike huchukua karibu miaka 10 kukomaa, kwa hiyo idadi ikishuka haipandi upesi. Na mwezi Mei, kwenye Ghuba ya Delaware, mayai ya kaa-kwato ndiyo chakula cha ndege mdogo wa jamii ya kitwitwi, Calidris canutus rufa, anayesafiri kutoka ncha ya kusini ya Amerika hadi Aktiki. Anafika amekonda, na kwa takriban wiki mbili hula mayai hayo hadi uzito wake ukakaribia mara mbili. Mayai yakiwa haba, hana nguvu ya kumaliza safari. Mwaka 2014 Marekani ilimtangaza kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini. Haki itendeke: sehemu kubwa ya uharibifu ilitoka kwa wavuvi waliowafanya kaa-kwato chambo katika miaka ya 1990, si kwa maabara peke yake. Ila chambo kimewekewa mipaka mikali, wakati mahitaji ya damu yamekuwa yakipanda.

Asia hali ni mbaya zaidi. Tachypleus tridentatus aliwekwa mwaka 2019 kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na huko mara nyingi mnyama aliyetolewa damu harudishwi majini; huuzwa kwa chakula au kwa gamba lake.

Kuna jambo la kisheria ambalo kila mjumbe wa kamati ya maadili anapaswa kulijua. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch walipendekeza kanuni tatu ambazo kamati nyingi duniani huzitumia hadi leo: badilisha mnyama kwa njia nyingine, punguza idadi, boresha mazingira yake. Kwa kanuni ya kwanza, LAL ilihesabiwa kuwa ushindi, kwani iliwaondoa sungura wengi sana vibanioni. Lakini Maelekezo ya Ulaya ya mwaka 2010 yanayolinda wanyama wa maabara yanawahusu wenye uti wa mgongo na jamii ya pweza tu. Uingereza ilipopanua mwaka 2022 orodha ya wanyama wanaotambuliwa kuwa na hisia, iliwaongeza kaa wa kweli, kamba na pweza. Kaa-kwato, kwa kuwa si kaa wa kweli, akaachwa nje tena. Kwa hiyo tumemwondoa mnyama anayehesabiwa, tukamweka asiyehesabiwa, na kwenye jedwali ikaonekana hakuna mnyama. Kamati isikubali safu hiyo yenye sifuri bila kuuliza kitendanishi kimetoka wapi.

Protini ya maabara

Ding Jeak Ling na Ho Bow, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, walianza na kaa-kwato wa mikoko wa kwao. Kuganda kwa damu ile ni mnyororo wa protini kadhaa, lakini ya kwanza, inayoshikana na endotoksini yenyewe, ni moja: Faktori C. Walitoa jeni yake na kuiweka kwenye viumbe vingine ili vizalishe protini hiyo. Hamira haikuwapa walichotaka. Seli za mdudu zikawapa. Aina moja waliyoitumia, Sf9, asili yake ni kiwavijeshi vamizi, yule yule anayemaliza mahindi ya wakulima wetu tangu aingie Afrika mwaka 2016. Seli hizo hukuzwa kwenye chupa kwa miongo bila kuhitaji mdudu mpya, wala kaa-kwato mpya.

Kitendanishi cha kwanza cha biashara kilitoka mwaka 2003. Endotoksini ikigusa Faktori C, protini huamka na kukata kemikali iliyowekwa pamoja nayo, nayo hung'aa. Mashine husoma mng'ao huo na kukupa namba. Kinafika chini hadi yuniti 0.005 za endotoksini kwa mililita, wakati maji ya kutengenezea sindano yanatakiwa yawe chini ya 0.25. Uwezo wa kuona, basi, si tatizo.

Kina ubora mwingine ambao mtu wa maabara atauthamini haraka. Damu halisi ya kaa-kwato ina mlango wa pili wa kuganda, Faktori G, unaofunguliwa na sukari za kuvu na nyuzi za selulosi. Kichujio cha selulosi kikitoa chembe zake kwenye dawa, LAL inaweza kuganda na kukuambia kuna endotoksini wakati hakuna, na bechi nzima ikasimamishwa. Protini ya maabara haina mlango huo. Tena haitegemei msimu wa uvuvi wala afya ya wanyama waliokamatwa mwaka huo, kwa hiyo bechi za kitendanishi chenyewe hazipishani sana.

Kama ni kizuri hivyo, mbona kimechelewa? Kwa miaka mingi muuzaji alikuwa mmoja, akilindwa na hataza, na hakuna kiwanda makini kinachofunga mlango wake wa ubora kwa muuzaji mmoja. Farmakopia nazo hazikukitaja, hivyo aliyekitaka alilazimika kuthibitisha upya kila kitu kwa gharama yake. Kampuni ya Eli Lilly ilikubali mzigo huo, ikisukumwa kwa kiasi kikubwa na mwanabiolojia wake Jay Bolden, ambaye pia ni mpenzi wa ndege. Septemba 2018 dawa yao ya kipandauso, Emgality, ikawa ya kwanza kuidhinishwa na FDA ikiwa imepimwa kwa Faktori C ya maabara. Ulaya ilikipa sura yake rasmi kwenye farmakopia kuanzia Januari 2021. Marekani ilisita mwaka 2020, wataalamu wake wakisema uzoefu wa matumizi bado mdogo, kisha mwaka 2024 ikakipitisha, na sura ya 86 ya farmakopia yake ikaanza kutumika Mei 2025.

Sura hiyo imekubali pia toleo jingine, lenye protini tatu za mnyororo badala ya moja. Hili hubadilisha rangi badala ya kung'aa, kwa hiyo mashine ya kawaida ya kusoma rangi, ambayo maabara nyingi zinayo tayari kwa LAL, inatosha. Kwa maabara zetu naliona toleo hili kuwa muhimu kuliko linavyozungumzwa.

Udhaifu wake? Kinaona endotoksini tu, kama LAL. Kuna dawa za kibayolojia zenye mchanganyiko wa polisobati na sitreti au fosfeti ambazo huifunika endotoksini isionekane, na hapo LAL na Faktori C hukosea pamoja. Kinahitaji mashine na umeme usiokatika katikati ya usomaji. Na lazima ukijaribu kwa kila bidhaa yako kuhakikisha bidhaa haikizuii kufanya kazi, jambo ambalo hata LAL inalitaka.

Damu ya watu

Homa ya mtu huanzia kwenye seli nyeupe za damu zinazoitwa monositi. Zikikutana na uchafu hutoa vijumbe vya kemikali, mathalani interlukini-6, vinavyouambia ubongo upandishe joto. Mwaka 1995 Thomas Hartung na Albrecht Wendel, Konstanz huko Ujerumani, walipendekeza kitu kilicho wazi mno hata unashangaa kilichelewa: kama tunataka kujua dawa itamletea mtu homa au la, tuichanganye na damu ya mtu nje ya mwili wake, kisha tupime interlukini. Farmakopia ya Ulaya ilikiingiza mwaka 2010 kwa jina la kipimo cha uamshaji wa monositi, au MAT.

Ni njia pekee kati ya hizi tatu zisizo za sungura inayoona pairojeni (vitu vinavyoleta homa) zisizo endotoksini: mabaki ya bakteria kama wale wa jipu, ya kuvu, ya baadhi ya virusi. Kwa hiyo ndiyo iliyomwezesha sungura kustaafu kabisa, maana hoja ya mwisho ya kumbakiza ilikuwa hiyo. Inafaa pia kwa chanjo ambazo kwa asili yake zina kiasi cha endotoksini, kama ile ya homa ya uti wa mgongo ya kundi B, ambako kuuliza "ipo au haipo" hakuna maana.

Bei yake ni muda na ufundi. Seli hulazwa na sampuli karibu usiku kucha, kisha hufuata hatua za ELISA, njia ya maabara ya kupima vijumbe hivyo, hivyo jibu la leo unalipata kesho au keshokutwa. Seli zilizogandishwa zinahitaji nitrojeni ya maji au friza ya baridi kali. Damu za watu hupishana, ndiyo maana huchanganywa za wachangiaji kadhaa, na lazima zipimwe virusi kwanza. Ipo pia ukoo wa seli unaokuzwa maabara usiohitaji wachangiaji wapya.

Kimaadili hapa kuna tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote. Mchangiaji wa damu huelezwa, huulizwa, na anaweza kukataa. Sungura hawezi. Kaa-kwato hawezi. Sharti ni moja tu, ridhaa iwe ya kweli: mtu ajue damu yake inakwenda kwenye kipimo cha kibiashara, si kwa mgonjwa wa wodini.

Zikiwekwa pamoja

Anza na mgonjwa, kwa sababu hapo hakuna mjadala: mama anayetoka damu baada ya kujifungua akitundikiwa dripu chafu, hakuna hoja ya wanyama itakayomfuta machozi mumewe. Kwa endotoksini, LAL na protini ya maabara ziko sawa kwa uwezo, na zote mbili zinamzidi sungura kwa usahihi na namba. Kwa pairojeni nyingine, sungura na MAT ndizo zinazoona, na MAT inaona kwa seli za mtu, si za mnyama ambaye mwili wake unafanana na wetu kwa baadhi ya mambo tu.

Kwa gharama za kuanza, tyubu ya LAL ni rahisi kupita zote, kisha toleo la protini tatu kama tayari una mashine ya rangi, kisha Faktori C yenye mng'ao, kisha MAT. Banda la sungura watu hudhani ni rahisi kwa sababu chakula chake ni majani, lakini hesabu mishahara, chumba chenye joto lisilobadilika, daktari wa mifugo na sampuli moja inayokula nusu siku ya mfanyakazi.

Kwa sheria, mamlaka za dawa za ukanda huu huzitambua farmakopia kubwa za Ulaya, Uingereza na Marekani. Njia ya protini sasa ina sura yake huko, kwa hiyo hoja kwamba ni jaribio la pembeni imekufa.

Uchague nini

Kama unatengeneza dripu za kawaida, chumvi, glukosi, Ringer, nenda kwenye protini ya maabara. Bidhaa hizi hazina vizuizi vingi na uthibitisho wake ni mwepesi. Dawa ndogo za sindano, hivyo hivyo, isipokuwa majaribio yako yaonyeshe kwamba dawa fulani inakizuia kitendanishi hata baada ya kuizimua. Hapo baki na LAL kwa bidhaa hiyo tu, na uandike sababu.

Kama maabara yako haina mashine wala fedha za mwaka huu, endelea na LAL bila kujiona mkosaji, lakini punguza. Zipo kaseti ndogo zinazotumia sehemu chache tu za mia ya kitendanishi cha tyubu. Acha kurudia vipimo ambavyo havitakiwi na kanuni yoyote. Na usinunue kitendanishi kinachotokana na spishi ya Asia. Mwombe muuzaji aandike jina la mnyama na nchi.

Kama ni chanjo mpya, dawa ya kibayolojia, au bidhaa ambayo tathmini yako ya hatari inaonyesha uwezekano wa uchafu usio endotoksini, MAT ndiyo yako. Huna haja ya kuijenga mwenyewe tangu mwanzo. Tuma sampuli kwenye maabara inayoifanya tayari, kwa kuwa kipimo hiki mara nyingi hufanywa mara chache kwa kila bidhaa.

Sungura nisingemchagua kwa kazi mpya yoyote. Mjumbe wa kamati akiletewa pendekezo lenye sungura, swali la kwanza liwe kwa nini MAT imeshindikana, na "hatuna" lisitoshe kama jibu mpaka mwombaji aonyeshe ameuliza wapi na akajibiwa nini.

Kwa anayetaka kuhama kutoka LAL, anza na maji. Kiwanda cha dripu hupima maji kila siku kwenye mabomba kadhaa, na vipimo vya maji ndivyo vinavyomaliza sehemu kubwa ya kitendanishi, wakati maji ndiyo sampuli rahisi kuliko zote kuthibitisha. Endesha njia mbili sambamba kwa miezi michache, sampuli zile zile, mfanyakazi yule yule, pamoja na maji uliyoyachafua makusudi kwa kiwango unachokijua na maji yaliyolala kwenye bomba hadi yakachafuka yenyewe. Haya ya pili ni muhimu, kwa sababu ndiyo wapinzani wa protini ya maabara wamekuwa wakisema hayajapimwa vya kutosha. Majibu yakilingana, peleka jalada kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako, TMDA (Tanzania), PPB (Kenya) au NDA (Uganda), ukiambatanisha sura husika ya farmakopia. Bidhaa iliyokamilika ifuate baadaye, moja baada ya nyingine.